Weusi wa Florini ya Tata

Jioni ile Amongin alitoka kwenda kuomba malimau. Hakukuwa na la ajabu hapo. Watu wa Kwapa huombana chumvi, huombana moto, huombana hata jembe msimu wa kulima, sembuse limau. Alijifunga leso kiunoni, akachukua kikapu, akakatisha shamba la mihogo kuelekea kwa jirani yake Felistus. Jua lilikuwa limekwisha kujificha nyuma ya mwamba wa Tororo, na upepo ulikuwa umetulia kabisa.

Felistus alikuwa uani akipepeta wimbi. Mama huyu alikuwa Msamia aliyeolewa Kwapa tangu usichana wake. Kiteso kilimshinda miaka yote, basi akashikilia Kiswahili chake cha mpakani na majirani wakamzoea hivyo hivyo.

"Limau ya nini na giza nakuja hivi?"

"Kikohozi, mama Felistus."

"Mimi sijasikia wewe nakohoa."

Amongin akakohoa. Kikohozi cha uongo hakina mizizi, na Felistus hakuwa mtoto wa kudanganywa. Alimtazama kidogo, kisha akamwonyesha mti kwa kidevu.

"Haya, chuma. Lakini Amongin... ile florini ya Tata, bado iko kwa nyumba?"

"Ipo."

"Ambia Adeke asipeleke kufungwa. Ikifungwa, sisi tutaweka wapi?"

"Mtaweka nini?"

Felistus aliinamia ungo wake na kupepeta kwa nguvu, kama mtu aliyejikuta amesema la ziada. Amongin hakumsubiri. Alijaza kikapu, akashukuru, akaondoka. Moyoni alikuwa na jambo moja tu. Kesho asubuhi mdogo wake Adeke angekuja kuichukua florini, ile sarafu ya kale, kwenda kupimwa, na Amongin alikuwa ameapa kwamba itafika kwa wapimaji ikiwa imeharibika.

Tuseme ukweli bila kuzungusha maneno. Amongin alimwonea mdogo wake gere. Gere ile ilikuwa imemkalia kooni tangu matanga ya bibi yao, hata chakula kikipita kilipita kwa shida.

Na alikuwa na sababu, au alidhani anayo. Tata, ndivyo walivyomwita bibi yao Aanyu, alipoanza kuugua, ni Amongin aliyefunga kibanda chake cha dagaa kule Mulanda na kurudi nyumbani kumuuguza. Ni yeye aliyemwogesha. Ni yeye aliyemlainishia atapa, ugali wa wimbi, kwa mchuzi na kumlisha tonge kwa tonge. Adeke alikuwa Tororo mjini akisuka watu nywele. Alifika Krismasi na Pasaka, mkononi soda, shingoni manukato, na Tata aliyekuwa hacheki mwaka mzima akacheka hadi machozi yakamtoka.

Kisha ikaja siku ya kuagana. Ndugu wote walikuwa chumbani. Tata akainua kidole, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Florini apewe Adeke. Amongin haihitaji."

Basi. Akafumba macho.

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hupigia teke zizini. Amongin alilipokea lake mbele ya ukoo mzima. Angepewa mbuzi mmoja, angenyamaza. Angepewa kanga kuukuu, angeipiga busu. Kunyimwa mbele ya macho ya watu ndiko kulikomuua. Toka siku hiyo hakuigusa florini, ingawa ilibaki mle mle ndani ya nyumba ya Tata, hatua chache kutoka kitandani kwake. Adeke aliogopa wezi wa mjini, basi akamwachia dada yake ailinde. Amlindie! Amongin alikuwa akifagia chumba kile kila asubuhi na kupita kando ya kikabati ilimowekwa akiwa amegeuza uso.

Florini yenyewe ilikuwa ya mwaka 1920, ya zama zile fupi kabla shilingi hazijaletwa. Upande mmoja kichwa cha mfalme na taji lake, upande wa pili simba. Lakini ulihitaji kuielekeza kwenye mwanga ndipo umwone simba, maana sarafu yote ilikuwa nyeusi. Weusi mzito, wa kung'aa kidogo kama mbegu ya mpapai. Tata aliifunga ndani ya kipande cha ngozi ya ndama kilicholowa samli miaka na miaka, na aliyekuwa akisugua sufuria zake mpaka ukajiona uso hakuwahi kuisugua sarafu ile hata siku moja.

Baada ya matanga ndugu hao wawili walikwenda nayo Busia, ng'ambo ya Kenya, kwa mtu aitwaye Mangeni. Huyu alikuwa na chumba nyuma ya wabadilishaji fedha, akinunua noti za serikali zilizokwisha kuanguka na sarafu za wafalme waliokwisha kuoza. Mangeni aliishika florini kwa ukingo, kwa vidole viwili. Akaitazama kwa lenzi. Akaacha kutafuna karanga zake.

"Msiuze," alisema. "Kwanza ipimwe, ipewe gredi. Kuna wapimaji ng'ambo, binamu yangu huwapelekea mzigo mara moja moja. Wao hutoa namba, na sabini ndiyo mwisho."

"Tuipeleke lini?" Adeke akauliza.

"Hapo ndipo penye kazi. Iliyochakaa usiipeleke kamwe, utalipia bure. Hii haijachakaa. Lakini sikilizeni vizuri. Ikishapimwa inafungwa ndani ya plastiki ngumu. Hewa haiingii, kidole hakigusi tena. Ukiivunja ile plastiki, gredi imekufa. Kwa hivyo usipeleke kitu ambacho bado unataka kukishika."

Mangeni akaigeuza sarafu polepole.

"Na msiguse huu weusi. Mali ni huu weusi. Ona ulivyoenea sawasawa pande zote, haujaacha kona. Weusi ukienea hivi, hapo ndipo wakati wa kufunga. Mkiisugua, wapimaji watajua tu. Watasema hii imeoshwa, na itarudi bila namba."

Neno hilo la mwisho Amongin alilikunja na kuliweka moyoni.

Ikafuata miezi ya simu. Kila jioni Adeke alipiga kutoka Tororo. Dada, nipeleke sasa au nisubiri? Dada, wewe unaonaje? Na Amongin, kwa sauti ya asali, alijibu, "Subiri." Alitaka isubiri mpaka ioze. Wakati mwingine Adeke alikuja mwenyewe, akaingia chumbani kwa Tata peke yake, akatoka uso ukiwa mwepesi.

"Nikiishika moyo wangu unapoa," alimwambia dada yake. "Sijui kwa nini."

Amongin alitazama pembeni. Hata utulivu amempa huyu, aliwaza.

Halafu asubuhi ya siku ile simu ikalia. Mzigo wa Mangeni unaondoka. "Kesho nakuja kuichukua," Adeke alisema. Na ndiyo maana ya malimau.

Aliingia nyumbani kwa Tata giza likianza kushuka. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, basi akawasha taa ya chemli na kuiweka sakafuni. Akaweka beseni. Akamimina maji. Akaleta majivu kwenye kifuu cha nazi na yale malimau, akayakata nusu nusu. Mwanamke wa Kwapa hujulikana kwa sufuria zake, na mkono wa Amongin ulijua kung'arisha. Alichukua kile kifurushi cha ngozi. Harufu ya samli ikampanda puani.

Samli mbichi.

Alisita. Samli ile ilikuwa kavu miaka mingi. Lakini sasa ilinuka kama iliyotoka kwenye kibuyu asubuhi hii, na pamoja nayo kulikuwa na kitu kingine, harufu ya jasho. Jasho la watu wengi katika chumba kidogo.

"Ni limau," alijiambia.

Akakamua. Akanyunyiza majivu. Akaanza kusugua.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha doa jeupe likatokea kwenye taji la mfalme, dogo, na roho yake ikaruka kwa furaha mbaya. Akaendelea. Taji. Paji la uso. Ndevu. Maji ya beseni yakaanza kubadilika rangi, na hilo alilitegemea. Lakini yalizidi kuwa meusi. Sarafu moja haiwezi kutoa weusi kiasi kile. Yalikuwa meusi kama ya kulowekea masizi, mazito, yakijikunja yenyewe ingawa mkono wake ulikuwa umetulia.

Kisha akasikia.

"Kwa nini yeye..."

Aligeuka. Chumba kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa. Taa ilikuwa imesimama wima, haitikisiki.

Akageuza sarafu upande wa simba. Akasugua haraka zaidi, ili amalize, aondoke.

"Kwa nini yeye, si mimi..."

Sauti ilitoka chini. Ilitoka kwenye beseni. Na haikuwa moja. Moja ilikuwa ya kizee, nyingine ya msichana, nyingine iliongea Kidhopadhola, nyingine lugha ambayo hata Amongin hakuijua, lakini alielewa zote, kwa sababu zote zilisema kile kile alichokuwa akijiambia kila usiku kitandani. Kwa nini amezaa yeye? Kwa nini amejengewa yeye? Kwa nini amecheka na yeye? Zilinong'ona juu juu, zikipandana, na polepole zikaanza kufanana, mpaka zote zikawa na sauti moja.

Sauti yake.

Amongin alilibeba beseni mbio, akafungua mlango kwa teke, akayamwaga maji kizingitini. Ardhi ikayanywa. Akaisikia ikiyanywa, mvuto mmoja mrefu, kama mtu anayevuta pombe ya ajon kwa mrija mpaka chini ya chungu.

Kisha kutoka boma la jirani, mwanamke akapiga kelele. Si ya maumivu. Alikuwa akigomba. Akajibiwa na mwingine. Boma la pili nalo likaanza, chungu kikavunjika, halafu la tatu, mpaka giza lote la Kwapa likawa na wanawake wanaolia juu ya vitu vya zamani. Nguo za zamani. Ng'ombe waliokwisha kuchinjwa. Waume waliokwisha kuzikwa.

Aliporudi kwenye mwanga akaitazama florini. Ilikuwa nyeupe, inang'aa kama kifuniko cha chupa ya soda. Kisha akavitazama vidole vyake. Dole gumba na vingine viwili vilikuwa vyeusi. Akasugua kwa limau. Akasugua kwa majivu. Akasugua mpaka ngozi ikawaka.

Havikutoka.

"Alinunuliwa blanketi."

Felistus alikuwa amesimama mlangoni, peku, ungo bado mkononi, machozi yakimtiririka. "Mke mwenzangu. Ile nyekundu. Mimi sikupewa."

"Mama Felistus, mke mwenzako alikufa zamani."

"Najua. Mimi nilimzika." Aliketi chini pale pale kizingitini. "Hii kitu mimi niliiweka kwa florini, Amongin. Mimi nilikuwa msichana, roho yangu nauma, nataka kumwekea yeye sumu kwa chai. Tata akaniita jioni. Akasema, pulizia, taja jina yake, gandamiza simba na dole, kwenda nyumbani bila kugeuka. Nikaweka. Nikasahau. Saa hii imerudi."

Amongin aliificha mikono yake ndani ya leso.

"Wanawake wote wa hapa waliweka," Felistus akaendelea kwa mnong'ono. "Na mama mkwe ya Tata mbele yake, yeye pia alikuwa anashikia watu. Ile weusi hapana uchafu, mwana wangu. Ile weusi ni sisi."

"Kwa nini sikuambiwa?"

"Wewe? Wewe hukuwa na kitu ya kuweka. Ni Adeke." Felistus alijifuta pua kwa mkono. "Adeke alizaliwa na kijicho. Alikuwa anakuangalia wewe, hajui hata kutembea, macho namna ile... Siku moja alikusukuma kwa moto. Kovu iko kwa goti yako, Tata alisema ulianguka. Basi Tata akamshikisha florini kila siku mpaka yeye akawa mtu. Bila hiyo, Adeke hapana lala. Ndiyo maana alipewa. Wewe ulikuwa msafi. Tata alikuwa najivuna na wewe, anasema, huyu moja haihitaji."

Kuna maneno yanayokuja kama baraka na kukuta nyumba imekwisha kuungua. Amongin alishika kovu lake la goti kwa vile vidole vyeusi. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba sifa ambayo wenziwe walimwonea wivu, naye akaiuza kwa kikapu cha malimau. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kujichukia.

Mlio wa bodaboda ukasikika njiani. Ukazimika. Nyayo nyepesi zikakimbia uani, na Adeke akaingia, mkoba begani, uso umemchangamka.

"Dada, sikuweza kungoja kesho," alisema. "Nimeamua. Siipeleki. Mangeni alisema usipeleke kitu ambacho bado unataka kukishika, na mimi bado nataka kukishika. Ibaki hapa hapa kwa Tata. Iko wapi?"

Adeke aliiona kwenye sakafu, kando ya taa. Akainama. Akaiokota. Amongin alimwona akiweka dole gumba juu ya simba na kulipulizia, taratibu, kama mtoto anayepoza uji.

Akangoja.

Akapulizia tena.

Uso wake ukaanza kubadilika. Uliondoka kidogo kidogo, ile tabasamu kwanza, kisha ule wepesi, na chini yake kulikuwa na uso mwingine ambao ulikuwa umengoja hapo muda mrefu sana. Aliinua macho kumtazama dada yake.

"Wewe ulikaa naye," Adeke alisema kwa sauti ya chini. "Siku zote. Wewe ulimwogesha. Wewe alikushika mkono akikata roho. Mimi nilipata Krismasi."

"Adeke..."

"Krismasi tu."

Alimrukia. Felistus alipiga yowe. Vidole vya Adeke vilikuwa shingoni mwa Amongin, vina nguvu ambazo mwili ule mdogo haukuwa nazo, na taa ikapinduka, ikazimika. Gizani Amongin alimshika mkono kujiokoa. Dole gumba la Adeke likagandamiza kwenye dole lake jeusi.

Adeke akatulia.

Pumzi yake ilitoka, ndefu, ya moto, ikampiga Amongin usoni. Vidole vikalegea shingoni. Gizani Amongin alisikia mdogo wake akivuta hewa, kisha akipulizia tena, safari hii kwa makusudi, juu ya kile kidole. Akataja jina. Alilitaja kwa upole.

"Amongin."

Na kitu baridi kikapanda kutoka kidoleni hadi kiganjani, hadi kwenye kifundo cha mkono, kikatulia hapo.

"Moyo umepoa," Adeke akanong'ona. "Dada, moyo umepoa."

Florini waliipeleka kwa Mangeni baadaye, kwa sababu haikuwa na kazi tena. Hakutumia hata lenzi. "Hii imesuguliwa," alisema, akairudisha mezani na kurudi kwenye karanga zake. Sasa ipo kwenye dirisha la nyumba ya Tata, inang'aa, na kuku wakipita huidonoa wakidhani ni punje.

Wanawake ndio walioanza kuja. Wa kwanza alikuwa Felistus, jioni iliyofuata, na blanketi lake jekundu moyoni. Alisema amekuja kusalimu tu. Akaushika mkono wa Amongin, akaushikilia mno, akapulizia, akaenda zake bila kugeuka. Usiku ule vyungu havikuvunjika nyumbani kwake. Habari haikuhitaji tarumbeta. Wakaja wa Kwapa, wakaja wa Mella, akaja hata mke wa mchungaji, leso kichwani, akijifanya amepotea njia. "Yoga noi," husalimia kwa Kiteso, na kunyoosha mkono. Wote huingia wamekunja uso na kutoka wakiimba.

Amongin hubaki na vyao. Huamka akimchukia mtoto wa mtu asiyemjua, kwa sababu ya meno yake mazuri. Humeza chakula akiumia juu ya shamba la Mulanda lililogawanywa kabla hajazaliwa. Weusi ulipita kiwiko wakati wa palizi. Hauumi. Ni baridi tu, na unanuka samli.

Adeke alifunga kazi Tororo, akarudi nyumbani kumtunza dada yake. Watu wanamsifu sana. Anamwogesha, anamlisha atapa tonge kwa tonge. Mkono ule tu ndio hauogeshwi.

"Usiusugue, dada," humwambia kwa upendo. "Usiuweke juani. Kaa nao kwenye kivuli."

Amenenepa, huyo Adeke. Analala fofofo, hata kukoroma. Na Amongin, akiwa macho gizani, humsikiliza mdogo wake akilala usingizi aliomnyang'anya, na gere humpanda ile ile ya zamani, yake mwenyewe, si ya mtu mwingine. Watu wote wa Kwapa wana pa kuiweka. Yeye hana.

Jana jioni alimsikia Adeke uani akizungumza kwa simu.

"Hapana, Mangeni, siyo sarafu. Nauliza tu. Ile plastiki, ile ya hewa isiingie... wanaweza kufunga kitu kikubwa?"

Akasikiliza.

"Kikubwa kiasi cha mtu. Akiwa amekaa."

Amongin alijaribu kuinuka. Miguu haikumtii; siku hizi haimtii mara kwa mara. Adeke aliingia, simu bado sikioni, tochi mkononi. Alitabasamu kama mtu anayempenda sana ndugu yake, na pengine anampenda. Akamteremshia blauzi begani. Akaushika ule mkono kwa vidole viwili, kwa ukingo, akaugeuza polepole kwenye mwanga, upande huu, kisha upande wa pili. Weusi ulikuwa umevuka bega na kugusa mfupa wa shingo. Upande wa kushoto bado ulikuwa na ngozi yake ya kuzaliwa.

"Bado," Adeke aliiambia simu. "Haujaenea sawasawa. Tusubiri kidogo."